Ukienda sokoni ugenini, kwanza simama pembeni

Kwenu mnaoanza kusafiri: mkitaka kujua watu wa mahali wanaishije, nendeni wanakonunua samaki, nyama na mboga. Ila mjue kwamba pale ni kazini kwa watu. Anayewapitia kwa kasi na toroli la barafu hajaja kutembea.

Kabla ya kutoka ulipofikia, ulizia siku na saa. Soko la samaki la Rialto, Venice, hufungwa Jumapili na Jumatatu. Na hata soko likiwa wazi Jumatatu, pale ambapo wavuvi hawatoki Jumapili, samaki unayemwona mezani huenda ana siku zake. Mimi Jumatatu hununua mboga.

Ulizia pia kama ni soko la jumla au la rejareja, maana hapo wageni wengi huchanganya. Rungis, nje kidogo ya Paris, ambako wafanyabiashara wa Les Halles, soko la zamani la katikati ya jiji, walihamia mwaka 1969, ni soko la wenye biashara. Mtalii huingia kwa ziara iliyopangwa. Tokyo nako, vitabu vya zamani vya wasafiri bado vinawapeleka watu soko la Tsukiji kutazama mnada wa jodari, wakati soko la jumla lilihamia Toyosu mwaka 2018. Kilichobaki Tsukiji ni maduka ya nje na sehemu za kula, na bado panafaa kwa matembezi. Mnada wenyewe, Toyosu, huanza yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri. Utautazama nyuma ya kioo, na wanaotaka kusogea karibu zaidi huomba mapema na kuchaguliwa kwa bahati nasibu.

Ukishaingia, usikimbilie kununua. Simama pasipo na njia ya mizigo, tazama wenyeji kwa dakika kumi. Je, wanachagua matunda wenyewe, au wanaonyesha kwa kidole na muuzaji ndiye anayechagua? Wanapunguziwa bei, au wanalipa iliyoandikwa na kuondoka? Bei ni ya kilo, ya fungu, au ya gramu mia? Hilo la mwisho limewatoa wengi jasho mbele ya mizani. Kamera iache kwanza. Nunua kitu, hata kidogo, kisha omba ruhusa. Na viatu viwe vya kufunika vidole, sakafu ya soko la samaki haikauki.

Samaki hana lugha, kwa hiyo hapa ugeni si kisingizio. Jicho liwe angavu na limejaa, si lililozama na kuingia ukungu. Mwombe muuzaji afunue mashavu: ndani pawe pekundu, si rangi ya kahawia. Nyama ikibonyezwa irudi. Harufu iwe ya bahari. Ikikuchoma puani, ondoka. Kome na chaza wawe wamefunga, na aliyeachama ukimgonga ajifunge. Asipojifunga amekufa, mwache. Jodari na vibua waangalie kwa macho mawili: wakikaa kwenye joto hujenga histamini, sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi na mara nyingi ulimi hauigundui. Wasipokuwa kwenye barafu, sitaki hata kujua bei.

Huna jiko? Kwenye soko la samaki la Noryangjin, Seoul, unachagua samaki kwa wauzaji, kisha unampeleka kwenye migahawa ya humo humo akaandaliwe. Ulipie samaki, ulipie na meza na mapishi, kwa hiyo uliza yote mawili kabla hajakatwa. Kwingineko, kula kinachotoka motoni mbele yako. Matunda yaliyokatwa na kupangwa juani tangu asubuhi mimi siyagusi, hata yakipendeza vipi. Nanunua zima na kisu ninacho.

Upande wa nyama, kichwa au utumbo vikining'inia usikunje uso. Ndicho chakula cha mtu. Lakini kuku na bata hai usiwashike, kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege, na ukitoka nawa mikono kwa sabuni.

Mwisho ni mzigo wa kurudi nao, na hapo ndipo watu hunyang'anywa. Ukiingia Umoja wa Ulaya kutoka nchi nyingi za nje, nyama na maziwa haviruhusiwi, soseji na jibini zikiwemo. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, au samaki mmoja mzima hata akizidi hapo, ila mbichi awe ametolewa matumbo. Matunda mengi hudai cheti cha afya ya mimea. Yasiyodai ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Australia wao wanataka uandike kwenye fomu kila chakula ulichobeba. Andika. Afisa akikikataa utapoteza chakula tu. Ukificha akakikuta, kuna faini.