Nahodha mpya, kataa mapema na ukatae kwa maandishi

Chifu meti, yaani msaidizi mkuu wa nahodha, akipandishwa kuwa nahodha, maswali anayonipigia simu huwa ya kuendesha meli. Anataka kujua kona za lango la Dar es Salaam, mkondo wa Pemba wakati wa kusi, namna ya kushusha shehena kwenye matishari nje ya Moroni. Hayo anayaweza kuliko anavyodhani, maana ameyafanya zamu baada ya zamu. Ambalo hajazoea ni kwamba tangu siku anayokabidhiwa meli, sheria inamtazama yeye kwa karibu kila jambo: uhai wa watu, mali za wenyewe, mafuta yasimwagike, mapumziko ya mabaharia, na kila neno lililo juu ya karatasi yenye sahihi yake na mhuri wa meli. Na tajiri (mwenye meli), wakala na mkodishaji watampima mapema, pengine safari ya kwanza.

Jua kwanza ulichopewa. Kanuni ya 34-1 katika Sura ya V ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, inasema mwenye meli, mkodishaji, kampuni inayoiendesha au mtu mwingine yeyote asimzuie nahodha kufanya uamuzi ambao yeye, kwa utaalamu wake, anauona ni wa lazima kwa usalama wa maisha baharini na kwa kulinda mazingira ya bahari. Sura hiyo haikuwekewa meli za kimataifa peke yake, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba hizi za mwambao hazihusiki. Kisha kuna kanuni za ISM, za kimataifa za kuendesha meli kwa usalama, zilizoanza kuwa za lazima Julai 1998. Zinaitaka kampuni iandike waziwazi kwamba neno la mwisho la usalama ni la nahodha, na iteue mtu wa nchi kavu, tunayemwita DPA, mwenye njia ya moja kwa moja hadi kwa mkubwa wa kampuni.

Kanuni za ISM zina chimbuko chungu. Machi 1987 kivuko cha Herald of Free Enterprise kilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, milango ya mbele ikiwa wazi, wakafa watu 193. Manahodha wa kampuni ile walikwishaomba wawekewe taa za kuwaonyesha kama milango imefungwa, na ofisi ikawapuuza. Mimi hapo najifunza jambo moja zaidi ya ubaya wa ofisi: ombi lisilo na uzito wa kusimamisha meli ni rahisi kulipuuza.

Huku kwetu hatuhitaji mifano ya mbali. MV Bukoba ilizama Mei 1996 karibu na Mwanza. Spice Islander ilizama usiku wa Septemba 2011 ikielekea Pemba. Ruhusa yake ilikuwa ya abiria wasiofika 700, na tume ikabaini walikuwamo zaidi ya 2,000. MV Nyerere, yenye ruhusa ya watu 101, ilipinduka Septemba 2018 karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Kila mara nawaza juu ya saa ile kabla ya kufungua kamba. Watu wamekwishalipa nauli, wamekwishapanda na watoto na magunia yao, na kumteremsha mtu ni ugomvi. Mamlaka ya nahodha yapo palepale kisheria, lakini kuyatumia saa hiyo kunataka moyo wa chuma. Ndiyo maana nasisitiza neno mapema. Kukataa kuanze wakati wa kupakia, meli ikiwa bado nyepesi na hakuna aliyepandwa na hasira.

Nieleze ninavyofanya. Nilibeba sana saruji ya mifuko kutoka Mtwara kwenda Komoro, njia ambayo wakati wa kusi unakula mawimbi kwa omo, mbele ya meli, usiku kucha. Kabla ya kuanza kupakia nampelekea tajiri na wakala ujumbe wa tani nitakazochukua, nikihesabu mafuta, maji na uzito wa kudumu wa meli. Karibu na mwisho wa kupakia nashuka gatini mwenyewe kusoma drafti, yaani kina meli ilichozama majini, mbele, katikati na nyuma, pande zote mbili. Namwamini chifu meti wangu, ila mahakamani sitaulizwa kama nilimwamini.

Safari moja tulizidi mstari wa mwisho wa kupakia kwa sentimita 8. Tajiri akapiga simu: “Kapteni, sentimita nane na bahari yote ile?” Sikubishana naye kwenye simu. Nilimjibu, “Tajiri, nakuandikia sasa hivi,” nikaandika kwamba meli hii huzama sentimita moja kwa kila tani 9, kwa hiyo naomba tani 72 zishuke kabla ya saa kumi jioni. Zikishuka, natoka na rubani wa bandari usiku uleule. Nakala ikaenda kwa DPA. Zilishuka. Angalia ujumbe wenyewe: una kipimo, una dawa, una saa. Hauna lawama, wala haumtishi mtu kwa vifungu vya sheria. Tajiri akiona njia ya meli kuondoka huwa mwepesi kuifuata, na akikataa, kukataa kwake kumebaki kwenye maandishi.

Lakini usilewe madaraka. Mwaka 1994 nahodha wa meli iitwayo Hill Harmony aliagizwa na mkodishaji apite njia fupi ya kaskazini kutoka Vancouver kwenda Japani. Akapita ya kusini, ndefu zaidi, iliyokula muda na mafuta mengi. Kesi ilifika hadi Baraza la Malodi la Uingereza, na mkodishaji akashinda, kwa sababu haikuonyeshwa kwamba njia aliyoagizwa ilikuwa ya hatari. Meli nyingine zilikuwa zikiipita. “Naona hivyo” haitoshi. Toa ripoti ya hali ya hewa, hesabu ya uthabiti, picha ya ufa. Bila hivyo uamuzi wako ni wa kibiashara, na biashara si yako.

Sasa BL, hati ya shehena. Hapa ndipo mwenye meli anapopotezewa fedha nyingi kwa kalamu ya nahodha. Chini ya kanuni za Hague-Visby, za kimataifa za kubeba shehena kwa meli, hati hiyo inaeleza idadi au uzito na hali ya shehena inavyoonekana kwa nje, na ikishafika mikononi mwa mnunuzi aliyeipokea kwa nia njema, huna ruhusa ya kuthibitisha kinyume chake. Mifuko imepasuka, muuzaji anataka hati safi ili benki imlipe, na anakuletea barua ya kukulinda: ukidaiwa, atalipa yeye. Usiiguse. Mwaka 1957 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mapipa ya maji ya machungwa yaliyokuwa yakivuja. Hati ilitolewa safi kwa kubadilishana na barua ya namna hiyo. Mahakama ilikataa kuipa barua nguvu yoyote, maana msingi wake ulikuwa kumdanganya mnunuzi. Na klabu ya bima ya meli yako haitakusaidia katika hilo. Dawa ni kurudisha mifuko mibovu gatini ibadilishwe kabla haijaingia melini. Kama wakala ndiye anayesaini kwa niaba yako, mpe ruhusa ya maandishi inayomfunga kuandika kile kilicho kwenye risiti za chifu meti, asiongeze wala asipunguze.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu yameandikwa vizuri kwenye vitabu vyenu. Rubani akipanda, usukani wa lawama unabaki kwako. Mapumziko ni saa 10 katika kila 24 na saa 77 kwa siku 7, na ukaguzi wa bandarini hugundua uongo kwenye karatasi za mapumziko hayo.

Ajali ikitokea, okoa watu kwanza. Mkataba wa kimataifa wa uokoaji wa 1989 unakupa mamlaka ya kufunga mkataba na waokoaji kwa niaba ya mwenye meli, usingoje ofisi ifunguliwe Jumatatu. Halafu hifadhi rekodi ya VDR, chombo kinachorekodi safari ya meli, kabla haijajifuta, andika saa na nafasi ya kila tukio, na usiseme neno la kukisia mbele ya yeyote, hata mgeni mpole aliyekuja na chai. Apostolos Mangouras, nahodha wa Prestige, meli ya mafuta iliyovunjika nje ya Hispania mwaka 2002, aliomba mahali pa kukimbilia akanyimwa, kisha akawekwa ndani siku 83 na kutakiwa dhamana ya euro milioni 3. Ukiingia bandarini baada ya bahari kuchafuka, hata kama huoni uharibifu, nenda na kitabu cha logi kwa mthibitishaji wa hati ukatoe tamko la nahodha kuhusu bahari uliyokutana nayo ndani ya saa 24, kabla falka, mifuniko ya ngama, hazijafunguliwa.