Muscadet isiyo na utamu haijaharibika

Ndugu yetu ameuliza kama chupa ya Muscadet, mvinyo mweupe wa Kifaransa, aliyoinunua Kampala imeharibika, kwa kuwa haina utamu, harufu ya matunda ni hafifu, na ulimini inaacha ukali wenye chumvichumvi. Nimehudumia wageni kwa miaka mingi katika mkahawa wa samaki hapa Entebbe, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi mezani. Kwa jinsi ulivyoieleza, ndugu, chupa yako ni nzima. Hivyo ndivyo mvinyo huo unavyotakiwa kuwa.

Muscadet hutoka magharibi mwa Ufaransa, kuuzunguka mji wa Nantes, mahali ambapo mto Loire unakaribia kumwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki. Hutengenezwa hasa kwa aina moja ya zabibu, Melon de Bourgogne, ambayo asili yake ni Burgundy, mashariki mwa nchi hiyo. Baridi kali ya mwaka 1709 iliua sehemu kubwa ya mizabibu ya eneo la Nantes, na wakulima waliopanda upya waliipendelea Melon kwa sababu huvumilia baridi, huku wafanyabiashara wa Kiholanzi wakitafuta mvinyo mweupe wa kukenekea pombe kali. Zabibu yenyewe haina harufu nyingi, na sukari yake karibu yote hugeuka kileo, ambacho kwa kawaida hufikia asilimia 12 hivi.

Uzuri wake basi hutoka wapi? Kwa maoni yangu, hutoka kwenye mashapo. Mvinyo ukishachacha, hamira iliyokufa hutulia chini ya tangi, na badala ya kuuhamisha mara moja, watengenezaji huuacha juu ya mashapo hayo majira yote ya baridi, mara nyingi katika matangi yaliyojengwa chini ya ardhi, kisha huutia chupani moja kwa moja kutoka hapo. Kukaa huko huupa mvinyo uzito kidogo mdomoni na harufu inayokaribia ya mkate mbichi, na wakati mwingine huachia gesi kidogo inayochoma ncha ya ulimi. Kwa hiyo, unaponunua, tafuta maneno "sur lie", yaani "juu ya mashapo", kwenye lebo. Mimi binafsi simshauri mtu kununua chupa isiyokuwa nayo, isipokuwa zile za vijiji nitakavyovitaja.

Eneo linalojulikana zaidi ni Sèvre et Maine, lililopewa jina lake la kisheria mwaka 1936. Ndani yake, vijiji vya Clisson, Gorges na Le Pallet vilitambuliwa mwaka 2011 kuwa na mvinyo wa daraja la pekee. Clisson iko juu ya mawe ya matale, Gorges juu ya mwamba mweusi wa gabro, na mvinyo wa vijiji hivyo viwili hukaa juu ya mashapo miaka miwili au zaidi, hata ukaweza kuhifadhiwa miaka mingi. Ile ya kawaida inafaa inywewe mapema.

Sasa chakula, na hapa ndipo wengi wetu Uganda tunapoukosea mvinyo huu. Ukiutoa pamoja na samaki wa mchuzi wa karanga au nyama ya kuchoma yenye pilipili, utapotea kabisa. Uweke kando ya ngege wa kukaanga aliyekamuliwa limao, au sangara aliyechomwa kwa chumvi tupu, na ule ukali unaokusumbua utakata mafuta ya samaki na kukufanya utamani kipande kingine. Upoze hadi nyuzi 8 au 10. Ukitoka kwenye jokofu kali, uache mezani dakika chache, kwa maana baridi ya kupita kiasi huficha hata hiyo harufu kidogo iliyopo. Ikiwa wageni wako wamezoea vinywaji vitamu, waandalie na chupa ya aina nyingine, na hii uwawekee wanaokula samaki.