Daktari wa Mifugo Anajibu: Mbwa Anajikuna Usiku Kucha

SWALI: Daktari, mbwa wangu anajikuna usiku kucha, kingo za masikio zimeota magamba. Jirani anasema nimpake oili chafu. Nyumbani nina paka pia.
– Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Oili chafu usimpake, nakusihi, ndugu yangu. Inaunguza ngozi, na akijilamba inamdhuru. Magamba yakianzia masikioni na viwikoni, nashuku utitiri wa upele, yaani vijidudu vidogo sana vinavyochimba ngozi. Mtaalamu amkwangue ngozi hadi damu ichungulie kidogo, kisha aangalie alichokwangua kwa hadubini. Utitiri hujificha sana, hivyo usipoonekana bado anaweza kutibiwa. Apimwe uzito kabla ya sindano ya ivermektini, dawa ya kuua utitiri, na irudiwe baada ya siku 14. Paka asipakwe kabisa dawa ya kuogeshea ng'ombe: pamethrini, sumu ya wadudu iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, humuua. Utitiri huu huweza kumhamia mtu, hivyo nawe ukiwashwa mikononi, nenda zahanati.