Picha za Familia Mtandaoni: Majibu kwa Wasomaji

Barua zilizotufikia kuhusu picha za familia zinafanana kwa jambo moja: karibu kila mwandishi anataka jamaa wa mbali wawaone watoto wake, na karibu kila mmoja anaye mtu fulani ambaye hangependa azione picha hizo. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu kilichomkuta mwandishi wake ndicho chanzo cha malalamiko mengi tunayoletewa.

SWALI: Ndugu zetu wametawanyika katika nchi mbalimbali, kwa hiyo nilifungua albamu ya pamoja katika Google Photos na kutuma linki yake kwenye kundi la ukoo, ili mashangazi, wajomba na mabinamu waone picha za mtoto wetu mchanga. Juzi mwanamke nisiyemjua kabisa aliniandikia kunipongeza, akataja hata blanketi la manjano alilofunikwa mtoto. Albamu hiyo sikuiweka hadharani. Amezionaje? *(Mama Mpya)*

JIBU: Hongera kwa mtoto, mama. Mwanamke huyo hakuhitaji ujanja wowote. Albamu inayotumwa kwa linki haimuulizi mgeni yeye ni nani, haimdai akaunti wala nenosiri. Inachoangalia ni kama anayo linki yenyewe. Ni kweli kwamba linki hiyo ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao hakuna awezaye kuukisia, na pia albamu haijitokezi kwa mtu anayetafuta picha mtandaoni, lakini kisichoweza kukisiwa kinaweza kunakiliwa, na ndani ya kundi la ukoo kunakili ni kazi ya kidole kimoja. Shangazi humpelekea rafiki yake wa kazini, rafiki naye akampelekea dada yake, wote kwa nia njema, wala hakuna anayehisi kwamba ametoa siri, maana kila mmoja anajua kwamba amepeleka habari za furaha.

Fungua albamu hiyo, gusa nukta tatu za pembeni, ingia kwenye chaguo zake, kisha uzime ushirikishaji kwa linki. Baada ya hapo linki ya zamani haitamfungulia mtu ambaye hukumwalika, nawe utawaalika jamaa mmojammoja kwa akaunti zao. Hapo hapo utakuta orodha ya walio ndani ya albamu. Isome jina kwa jina, na usiyemtambua umwondoe. Jambo moja tu halirudi nyuma: picha ambayo mtu ameshaihifadhi kwenye simu yake ni yake, na hakuna kitufe cha kuifuata huko iliko.

Wanaotumia iPhone wanayo albamu ya pamoja ya iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, ambayo hupokea watu hadi 100 na picha na video zisizozidi 5,000, tena haili nafasi yako ya hifadhi. Mwanzoni ni salama kuliko linki, kwa kuwa kila mtu huingia kwa mwaliko. Mtego wake hujitokeza pale jamaa mmoja anapokuwa na simu ya Android na hawezi kujiunga. Mwenye albamu, kwa kumhurumia, huwasha chaguo la tovuti ya umma, na tangu dakika hiyo picha zote za albamu zinaonekana kwa yeyote mwenye anwani ya tovuti hiyo. Nimeona familia zilizokuwa makini kwa kila kitu zikajikwaa hapa, kwa ajili ya mjomba mmoja. Ukoo wenye simu za aina zote ni heri uchague huduma ambayo wote wanaweza kuingia kwa akaunti zao wenyewe, hata kama itabidi mjukuu mmoja akae na bibi nusu saa ili kumfungulia akaunti.

Tukiwa bado hapo kwenye akaunti: mwaka 2014 picha za siri za watu maarufu zilienea duniani kote, na uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya wahalifu walikuwa wamewatumia wenye picha baruapepe zilizojifanya zimetoka Apple au Google, zikiwataka waandike nenosiri lao. Kwa hiyo washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri peke yake lisitoshe bila uthibitisho wa pili, kwenye akaunti inayobeba albamu, na uwaombe wale waliomo ndani wafanye vivyo hivyo, kwa maana mwizi akiingia kwenye akaunti ya binamu yako atayaona yote anayoyaona binamu.

SWALI: Kundi letu la familia la WhatsApp lina watu wengi, wakiwemo wakwe na marafiki wa zamani. Kijana wangu anasema nisiwe na wasiwasi kwa kuwa ujumbe wote umesimbwa. Je, hilo linatosha? *(Baba wa Watoto Watatu)*

JIBU: Kijana amesema kweli, ila amejibu swali ambalo hukuuliza. Tangu mwaka 2016 WhatsApp husimba mazungumzo yote kutoka mwisho hadi mwisho, maana yake ni kwamba picha ikiwa safarini haiwezi kusomwa na mtu wa kati, hata kampuni yenyewe. Wewe, mzee, unauliza kuhusu watu waliopo mwisho wa safari. Kundi moja linaweza kuwa na watu hadi 1,024, na katika simu nyingi picha inayopokelewa hujihifadhi yenyewe kwenye maktaba ya picha, ikapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni ya mpokeaji, ikachanganyika na picha zake za kazini, na kuonekana na kila anayeazima simu hiyo. Usimbaji hauna neno juu ya hayo yote.

Ushauri wangu ni kwamba kundi kubwa libaki la salamu, misiba na mipango ya sherehe, na picha za watoto zihamie kwenye kundi dogo ambalo unaweza kuwataja wanachama wake wote bila kutazama simu. Katika kundi hilo dogo, weka kwamba mwanachama mpya haingii mpaka msimamizi amkubali. Mwaka 2025 WhatsApp iliongeza chaguo la faragha ya juu ya gumzo, ambalo huzuia wanakundi kuhamisha mazungumzo nje ya programu na huzuia picha kujipakua zenyewe kwenye simu zao. Liwashe, ukijua kwamba mtu mwenye nia bado anaweza kuhifadhi picha mojamoja au kuipiga skrini kwa simu nyingine. Usipotaka wapokeaji wajibizane au wajuane, tumia orodha ya matangazo: kila mmoja hupata picha kana kwamba umemtumia peke yake, mradi awe ameihifadhi namba yako.

Kama mnafikiria kuhamia Telegram, mjue kwamba mazungumzo yake ya kawaida na makundi yake hayasimbwi kutoka mwisho hadi mwisho. Ulinzi huo upo kwenye gumzo la siri tu, ambalo ni la watu wawili. Signal, programu nyingine ya ujumbe, husimba vyote, makundi yakiwemo, lakini haina faida ikiwa nusu ya ukoo haitaifungua.

SWALI: Nimesikia kwamba picha ya simu inaweza kumwambia mtu mahali ninapoishi. Ni kweli? *(Msomaji Mwenye Hofu)*

JIBU: Inawezekana. Simu nyingi, zikiruhusiwa, huandika ndani ya faili la picha tarehe, saa, aina ya kamera na majira ya mahali ulipopigia, yaani latitudo na longitudo, kwa usahihi unaoweza kutofautisha nyumba na nyumba. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ikitumwa kama hati, au ikiambatishwa kwenye baruapepe, kwa kawaida husafiri nazo. Unaweza kuinyima programu ya kamera ruhusa ya kujua mahali ulipo, ingawa utapoteza raha ya kuzipanga picha kwa safari; kwa hiyo wengi hupendelea kuficha mahali wakati wa kutuma tu, na Google Photos pamoja na iPhone zinalo chaguo hilo.

Hata hivyo mimi huogopa zaidi kile kinachosomeka kwa macho matupu. Mtoto amesimama mlangoni asubuhi ya siku ya kwanza ya shule: kifuani nembo ya shule, begani mkoba wenye jina lake, ukutani namba ya nyumba, na kwenye maelezo shangazi ameandika umri wake. Picha hiyo haihitaji latitudo. Ikate ibaki uso na tabasamu kabla ya kuituma, kwani kukata picha kunachukua muda mfupi kuliko kuandika maelezo yake.

SWALI: Mama mkwe wangu huchukua picha za wanangu kwenye kundi la familia na kuzibandika kwenye ukurasa wake wa Facebook. Nimemwomba mara mbili aache. Mume wangu ananiambia nisilete ugomvi kwa jambo dogo. Nifanyeje? *(Mkwe Aliyechoka)*

JIBU: Kwamba si jambo dogo, unaweza kumwonyesha mumeo kwa mfano wa Uholanzi. Mwezi Mei mwaka 2020 mahakama ya Gelderland ilimwamuru bibi mmoja aondoe picha za wajukuu wake kwenye Facebook na Pinterest baada ya binti yake mwenyewe kumwomba bila mafanikio, na ikapanga faini ya yuro 50 kwa kila siku ambayo angekaidi, hadi kufikia yuro 1,000. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data za watu, iliyoanza kutumika mwaka 2018, haigusi mambo ya mtu ya binafsi na ya nyumbani, lakini mahakama iliona kwamba picha zikishabandikwa kwenye mtandao wa namna ile, haiwezi kusemwa kwa hakika kwamba zinabaki nyumbani.

Sikushauri hata kidogo uende huko. Ninachoona ni kwamba ombi limetoka kwa mtu asiye wake: mume wako ndiye wa kuzungumza na mama yake, ana kwa ana, bila ya wewe kuwapo, na kwa maneno yanayoeleza ni nini hasa msichotaka. "Usiweke picha mtandaoni" ni neno pana mno kwa bibi anayejivunia wajukuu. "Mama, picha yoyote inayoonyesha uso wa mtoto tuulize kwanza" ni neno ambalo mtu anaweza kulishika. Kisha mpeni cha kubandika. Chagueni nyinyi wenyewe picha moja moja, watoto wakiwa wamegeuka nyuma au wakiwa mbali, mumtumie mkimwambia hii ni ya kwako uonyeshe wenzako. Bibi wengi wanaobandika kila kitu hawajawahi kupewa chao.

Siku hiyo hiyo mumeo aketi naye watazame ukurasa wake. Kando ya tarehe ya kila picha aliyoibandika kuna alama ndogo inayoonyesha ni nani anayeiona. Ikiwa ni alama ya dunia, picha ni ya watu wote, na inaweza kubadilishwa iwe ya marafiki tu, hata kwa zile za zamani. Mwambieni pia kwamba akimtagi mtu kwenye picha, marafiki wa huyo aliyetagiwa wanaweza kuiona vilevile, jambo ambalo hata vijana wengi hawalijui. Na mtoto mkubwa kiasi cha kueleza analolitaka aulizwe mwenyewe; mara nyingi atakataa picha ambayo nyinyi wazazi mliiona haina ubaya.

Ikiwa baada ya hayo yote ataendelea, punguzeni mnachotuma kwenye kundi ambalo yeye yumo, na mumwambie wazi kwamba ndivyo mlivyoamua na kwa nini. Kumtoa kimyakimya ni kosa ambalo ukoo utalizungumza kuliko picha zenyewe.

KWA UFUPI: Wasomaji kadhaa wameuliza kama albamu ya pamoja inatosha kuwa ndiyo hifadhi yao ya kudumu. Haitoshi. Google hutoa GB 15 za bure, ambazo picha hugawana na baruapepe na mafaili, na tangu Desemba 2023 inaweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili. Apple hutoa GB 5. Flickr, huduma nyingine ya kuhifadhi picha, tangu mwaka 2019 imeweka mpaka wa picha na video 1,000 kwa asiyelipa. Zaidi ya hayo, picha za albamu ya pamoja ya iCloud hupunguzwa ukubwa, upande mrefu ukabaki pikseli 2,048, kiasi kinachofaa kwa skrini lakini si kwa kuchapisha picha kubwa ya ukutani. Picha halisi na ibaki kwa aliyeipiga, pamoja na nakala nyingine kwenye diski ya nje. Na kama aliyeipiga ni binamu yako, mwombe akutumie faili lenyewe kabla hajabadilisha simu.