Kabla ya kumpa mtoto fimbo ya lakrosi, ongea na nyumbani kwao

Wanaoanzisha timu za watoto hukimbilia kutafuta vifaa na uwanja. Mimi nafundisha lakrosi ya boksi, ile inayochezwa kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa kuta, kwenye ligi yetu ya mtaa hapa Jinja, Uganda, upande wa Walukuba, na nawaambia wenzangu kwamba watoto si shida. Akiona mpira unarushwa kwa fimbo yenye wavu, mtoto atataka kujaribu papo hapo. Kazi iko kwa wazazi, maana wao ndio wataamua kama Jumamosi ijayo anarudi uwanjani au anabaki nyumbani kufua.

Mweleze mzazi kwa michezo anayoijua. Basketi na netiboli hazina mgeni Uganda, kwa hiyo anzia hapo, kisha mwambie kwamba kwenye lakrosi ya boksi kila timu ina watu sita uwanjani, golikipa na wengine watano, wote wanashambulia na wote wanarudi kulinda. Ukiupata mpira una sekunde 30 za kupiga golini, la sivyo unakwenda kwa wapinzani. Huko Kanada, ambako namna hii ya kucheza ilianza miaka ya 1930, wanatumia viwanja vya hoki ya barafu baada ya kuondoa barafu, na mpira ukigonga ukuta mchezo unaendelea. Sisi tuna uwanja wa saruji wa netiboli, na pembeni tunalaza mabenchi na matairi ili mpira urudi. Lakrosi ya uwanja mkubwa inataka watu kumi kila upande na urefu wa karibu mita 100. Mtaani kwetu nafasi kama hiyo wanayo watu wa soka, na hawaiachii.

Wazee huuliza kama huu si mchezo wa wazungu tu. Wajibu bila kuzungusha: ni mchezo wa wenyeji wa Amerika Kaskazini, Wahaudenosaunee wakiwamo, na waliucheza kabla wazungu hawajafika kwao. Kisha waambie kwamba mwaka 2014 Uganda ilipeleka timu kwenye mashindano ya dunia huko Denver, Marekani, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki. Hapo mazungumzo hubadilika.

Hofu kubwa ni kuumia, na mzazi ana haki ya kuogopa. Mpira wenyewe ni wa raba ngumu, unakaribia gramu 150, na ukimpata mtu usoni bila kinga atajua. Ndiyo maana nashauri usiwaonyeshe wazazi video za ligi za wakubwa. Kule sheria zinaruhusu kusukumana kwa mti wa fimbo, na watu hubamizwa ukutani. Mama mmoja wa jirani alitazama kipande kifupi kwenye simu ya mwanawe, akamzuia mtoto msimu mzima. Waite waje waone mazoezi ya watoto wenyewe. Wanaoanza kwetu hutumia mpira wa tenisi. Mpira mgumu hautoki stoo mpaka kila mtoto awe na helmeti yenye wavu wa uso, glavu, kinga ya mabega na mikono, na kinga ya meno. Kugongana mwili tumekataza. Anayempiga mwenzake kwa fimbo anatoka dakika mbili, na timu yake inacheza ikiwa pungufu. Wazazi wanaipenda sana sheria hiyo, kwa sababu wanaona kosa linalipiwa hapohapo mbele ya macho yao.

Halafu mpe mzazi fimbo. Hajati mmoja alikuja kumfuata mjukuu wake, akasimama pembeni na uso wa kukataa. "Mwanangu, huu mpira ukimpata mtoto jichoni nitamwambia nini baba yake?" Nikamvalisha glavu, nikamwonyesha mkono wa juu unavyoshika karibu na wavu na wa chini mwishoni mwa mti, nikamrushia mpira wa tenisi taratibu. Wa kwanza ulimpita. Wa pili uliingia wavuni, na watoto wakapiga kelele mpaka mafundi baiskeli ng'ambo ya barabara wakageuka. Akauliza mazoezi yanaisha saa ngapi, maana mjukuu ana madrasa. Ukisikia swali la saa, jua umekubaliwa.

Na hayo ya saa yachukulie kwa uzito. Wasichana waruhusiwe kucheza na suruali ndefu na hijabu iliyobanwa vizuri chini ya helmeti, na wawe wameshafika nyumbani kabla ya magharibi. Watoto wengi wa Uganda wako bweni, kwa hiyo ligi yetu inachangamka wakati wa likizo na kupoa shule zikifunguliwa. Wa P7, yaani darasa la saba, usiwasumbue kabisa mtihani wa mwisho ukikaribia. Ukimheshimu mzazi kwenye masomo, hatakunyima mtoto Desemba.

Pesa nazo ziseme siku ya kwanza. Usimtwishe mzazi mzigo wa kununua vifaa. Viwe mali ya ligi, vigawiwe kabla ya mazoezi na vihesabiwe baada yake. Mchango mdogo wa maji na dawa hakuna anayeukataa akijua unakokwenda. Barafu ya kukanda uvimbe tunaipata kwa wauza samaki, kwa bei nafuu.

Jambo moja linaniuma. Wako makocha wanaowaahidi wazazi tiketi ya ndege na shule za Marekani. Usifanye hivyo. Lakrosi itakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, kwa mtindo wa watu sita kila upande, na watoto wana haki ya kulijua hilo na kulifurahia. Lakini mzazi aliyeuziwa ndoto hukasirika mtoto akiwekwa benchi, na mtoto ndiye anayebeba ile hasira.

Mzazi anayeuliza maswali mengi usimkwepe, mpe kazi. Yupo baba mmoja wa bodaboda aliyekuwa akilalamikia kila uamuzi, nikamkabidhi simu ahesabu zile sekunde 30. Sasa anawahi kufika kuliko mimi, na akibeba abiria wenye watoto anawaambia ligi iko wapi na inaanza saa ngapi.