Dhahabu ya gemu: kwanza niambie utaitoaje

Barua nyingi safari hii zinahusu kuuza pesa za kwenye gemu. Nusu yake nimezitupa, kwa kuwa jibu lake lilishatolewa.

Nina dhahabu milioni 40 kwenye Old School RuneScape, gemu ya mtandaoni. Niko Isevya, Tabora. Niuze wapi nipate hela ya maana?

Ujue kwanza kwamba kanuni za Jagex, kampuni yenye gemu hiyo, zinakataza kuiuza kwa pesa halisi. Ukibambwa, akaunti inafungwa na huna pa kulalamika. Pili, piga hesabu. Bei hutajwa kwa kila milioni, nayo ni senti za dola. Tuseme soko linatoa senti 20: milioni 40 ni dola 8. Dalali wa mtandaoni anakata kamisheni, njia ya kutolea inakata yake, wakala wa mtaani naye hajakata ya kwake. Toa na bando. Na wanaofungua akaunti kumi za bure ili wavune haraka hukwama mapema, kwa sababu akaunti ya bure ina vizuizi vya kubadilishana mali hadi ifikishe saa 20 za kucheza, jumla ya levo 100 za ujuzi na pointi 10 za kwesti, yaani kazi maalumu za ndani ya gemu.

Gemu gani inalipa haraka?

Hakuna. Msiniulize tena.

Mteja alinilipa kwa PayPal, nikampa dhahabu. Wiki tatu baadaye hela imerudishwa kwake. Nimshtaki wapi?

Hupati pa kumshtaki. Mlipaji wa PayPal ana siku 180 za kufungua lalamiko, na mara nyingi kadi iliyotumika ni ya wizi: mwenyewe akigundua, benki yake inairudisha hela. Wewe huna stakabadhi ya mzigo, una picha ya skrini ya biashara iliyokatazwa. Ndiyo maana wauzaji wazoefu hupitia dalali anayeshikilia malipo mpaka pande zote zithibitishe, na hata huyo wanasoma masharti yake kwanza.

Na ninyi mnaosajili PayPal kwa anwani ya Nairobi huku mnalala Ujiji: siku ikidai kitambulisho na bili ya umeme, mtapeleka ya nani? Akaunti inabanwa na salio linaweza kukaa humo siku 180. Kabla hujacheza hata saa moja, angalia akaunti ya Tanzania inaruhusiwa kupokea au kutuma tu. Wengi huanza kuvuna, kisha ndiyo wanatafuta mlango.

Nilimnunulia mwanangu Robux, pesa za kwenye gemu za Roblox, sasa kazichoka. Naweza kuzigeuza shilingi?

Hapana, mama. Roblox hulipa Robux zilizochumwa, siyo zilizonunuliwa. Kiwango cha chini ni 30,000 na mwenye akaunti awe ametimiza miaka 13. Kama kijana ana kompyuta, ajifunze Roblox Studio, programu ya kutengenezea gemu za Roblox, na lugha yake ya kuandikia maelekezo, Luau, atengeneze kitu ambacho wenzake watakilipia. Kwenye pasi za gemu yake, yaani nyongeza ambazo wachezaji hununua, atabaki na asilimia 70. Ni kazi ya miezi, lakini ni halali. Second Life, ulimwengu wa kubuni wa mtandaoni, vilevile: pesa zake, Dola za Linden, zinauzwa kwenye soko la kampuni yenyewe, LindeX, ila wanaopata ni wanaobuni nguo na nyumba za humo, siyo wanaozurura.

Nitumie programu inayocheza yenyewe nikiwa shambani Urambo?

Utafungiwa. Na nyingi za bure zimebeba kirusi cha kuiba nywila.

Vipi hizi gemu za kugonga skrini Telegram?

Hamster Kombat, mojawapo ya gemu hizo, iligawa sarafu yake ya kidijitali Septemba 2024, na wagongaji wengi waliishia kushangaa udogo wa mgao. Kabla yake, SLP, sarafu ya kidijitali waliyoivuna wachezaji wa gemu ya Axie Infinity, ilipita senti 30 za dola mwaka 2021. Mwaka uliofuata ilishuka chini ya senti moja. Wachezaji walizalisha sarafu kila siku, na wanunuzi wakawa ni wageni wanaoingia tu. Wageni walipopungua, bei ikaanguka. Ukiambiwa ulipe kiingilio ndipo utoe sarafu zako, huo ni utapeli mtupu.

Mnunuzi anataka nywila yangu ahakikishe dhahabu ipo.

Anataka kuichukua. Dhahabu hukabidhiwa ndani ya gemu, kwenye dirisha la kubadilishana, nawe ukisoma jina la mnunuzi herufi kwa herufi: tapeli hujisajili kwa jina linalofanana na la mteja wako, akaweka sifuri penye O.