Bingwa mzee anaweza kumpiga kijana, shida ni pambano la pili

Wapenzi wa mieleka wakikutana, na hapa naongelea mieleka ya Olimpiki sio ile ya WWE ya kwenye TV, haipiti muda utasikia mtu anauliza hivi fulani akirudi leo si angewafundisha adabu hawa watoto? Basi hapo ubishi unaanza na hauishi. Mimi naishi Iowa huku Marekani, sehemu ambayo mieleka watu wanaifuatilia kama sisi na Simba na Yanga, na jioni nasaidia kufundisha kwenye klabu moja ndogo, vijana wengi ni watoto wa Kikongo, wananiita papa kwa heshima zote halafu wakishaingia mkekani heshima wanaiacha nje. Nimevuka 40 kitambo. Kwa hiyo hili swali silijibu kwa kuangalia YouTube tu, nalijibu kwa magoti.

Na jibu langu ni kwamba mzee pambano moja anashinda vizuri tu, tena anaweza kumpiga hata namba moja wa dunia. Kinachomuua ni pambano la pili, la tatu, halafu kesho yake asubuhi.

Najua mtanitajia Mijaín López wa Cuba, na mna haki. Paris 2024 jamaa alikuwa na miaka 41, bado wiki mbili tu afikishe 42, na akabeba dhahabu ya 5 mfululizo ya Olimpiki, kuanzia Beijing 2008, kitu ambacho hakuna mwanamichezo mwingine amewahi kufanya kwenye mashindano yaleyale ya mtu mmoja mmoja. Na hakupewa mteremko, robo fainali alikutana na Amin Mirzazadeh wa Iran, bingwa wa dunia wa 2023, kijana wa miaka 26 mwenye mwili kama kabati, akampiga 3-1. Fainali akamnyoosha Yasmani Acosta 6-0, akavua viatu akaviacha katikati ya mkeka kuonyesha amestaafu. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini.

Lakini msimchukue López mkadhani kila mzee ataweza, angalieni alikuwa anacheza nini. Yule ni Greco-Roman kilo 130. Kwenye Greco huruhusiwi kushika miguu, yaani ile kazi ya kurukia miguu ya mtu kwa spidi, ambayo ndio ya kwanza kumkimbia mtu akizeeka, haipo kabisa. Mnasukumana kifua kwa kifua, mnagombea mikono, na refa akiona wewe hushambulii anampa mwenzako pointi na wewe unalazwa kifudifudi, yeye anakukumbatia kiunoni akugeuze. Sasa nguvu za mgongo na za kukamata haziondoki haraka, muulizeni mtu yeyote aliyewahi kushikwa mkono na fundi mwashi wa miaka 50. Halafu baada ya Olimpiki ya Tokyo huyu bwana alikaa karibu miaka 3 hashindani, mwili umepumzika, ubongo ndio ulikuwa kazini. Hiyo nayo ni akili, vijana wanadhani ukipumzika umeogopa.

Njoo fristaili, ile mieleka ambayo miguu unaruhusiwa kushika, uone mambo mengine. Huku ukionywa kwamba hushambulii inawashwa saa ya sekunde 30, zikiisha hujapata pointi anapewa mwenzako. Ukisukumwa nje ya duara pia pointi. Ile ujanja ya zamani ya mzee kujisogeza pembeni avute pumzi kidogo, imekwisha. Na tangu 2013, baada ya kamati ya Olimpiki kutaka kuutoa mchezo, sheria zilibadilishwa, zile raundi tatu za dakika mbilimbili zikafutwa, sasa ni dakika 3 mara 2 na pointi zinajumlishwa zote, kwa hiyo huwezi kuipoteza raundi moja makusudi upumzike kisha uje na nguvu. Mabadiliko mazuri kwa mtazamaji, kwa mwenye miaka 35 ni adhabu.

Jordan Burroughs ndio mfano wangu hapo. Dhahabu ya Olimpiki London 2012, ubingwa wa dunia 2011, 2013, 2015, 2017, 2021 na 2022, ile ya mwisho akiwa na miaka 34, mtu ambaye kila mpinzani alijua anakuja kukamata miguu yako yote miwili na bado hawakuweza kumzuia. Mchujo wa Marekani wa 2024 akapigwa na Jason Nolf, Paris akaisikia tu. Hakuwa mbovu jamani, ukimwangalia mbinu ipo yote, ila ile nusu hatua ya kwanza imepungua na kwenye kiwango kile nusu hatua ndio kila kitu. Kaori Icho wa Japan naye, dhahabu 4 za Olimpiki kuanzia 2004 mpaka 2016, akarudi, Desemba 2018 akamfunga Risako Kawai kwenye mashindano ya taifa, watu tukasema haya sasa. Mwaka uliofuata Kawai akamgeuzia kibao, akaenda Tokyo na dhahabu akachukua. Umeona? Pambano moja mzee kashinda, ila mbio zile za kufuzu ni ndefu na kijana kila mwezi anaongezeka wewe unajitahidi usipungue.

Aleksandr Karelin, yule Mrusi wa Greco, yeye watu wanamwonea huruma kwa Sydney 2000, alivyofungwa na Mmarekani Rulon Gardner 1-0 baada ya miaka 13 bila kupigwa. Mimi naona pale umri wa miaka 33 haukuwa shida kubwa, alifungwa kwa ile sheria ya kuachia mikono mkiwa mmekumbatiana, aliachia kidogo tu pointi ikaenda. Bingwa mzee mara nyingi anapigwa na sheria mpya kabla hajapigwa na kijana.

Haya sasa wewe wa miaka 38 au 45 unayetaka kurudi mkekani, manake najua mpo mnanitumia meseji. Usijipime na kijana mazoezini raundi ya tano, mwombe ya kwanza ukiwa na pumzi, kisha kaa pembeni umuangalie na wengine, utajifunza zaidi. Wingi wa mazoezi yako uwe kurudia mbinu na mtu asiyekukomoa, kukamiana kweli mara moja au mbili kwa wiki inatosha, na siku inayofuata ni kutembea na kunyoosha viungo sio kujionyesha jimu. Shingo ipashe moto muda mrefu, mrefu kuliko unavyoona aibu. Kilo usishushe, cheza uzito unaoamka nao, kwenye mashindano ya kimataifa tangu 2018 mnapimwa asubuhi ya siku zote mbili na hata vijana wanateseka, sembuse wewe na figo zako za ugali na chai. Na kuna mashindano ya maveterani kuanzia miaka 35, mnagawanywa kwa umri, tafuteni hayo, kule utakutana na mtu ambaye naye anashuka ngazi za nyumbani kwa upande, na wengine ni wazuri balaa, msiende mkidhani ni pikiniki.